Seva ya mafaili inayojibu "huna ruhusa" kwa kila hitilafu: nianzie wapi kuirekebisha?

Mjenzi wa Seva:

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninaandika seva ndogo ya kushirikisha mafaili kwa itifaki ya SMB2. Inaendeshwa juu ya Linux na kuhudumia kompyuta za Windows katika ofisi moja, ambako ramani za viwanja na hati zilizoskaniwa huwekwa mahali pamoja. Mambo yanapokuwa shwari, kusoma, kuandika na kuorodhesha folda huenda sawasawa; kinachonishinda ni majibu ya hitilafu.

Tangu mwanzo niliandika kitengo kimoja tu cha kujibu hitilafu, na kila kilichoshindikana, kiwe ni faili lisilokuwapo, diski iliyojaa au jina lililokwisha kutumika, nilikirudisha kwa STATUS_ACCESS_DENIED, yaani 0xC0000022, nikiamini kwamba kutotoa maelezo ndiyo njia ya usalama zaidi. Sasa mtumiaji akitaka kuhifadhi hati mpya katika folda yake mwenyewe anaambiwa hana ruhusa, ilhali hati ya jana anaifungua na kuibadilisha bila kikwazo. Karani mmoja ameandika barua kwa mkuu wake kuomba ruhusa ambayo tayari anayo, na jambo hilo limenisikitisha kwa sababu kosa ni langu.

Yapo mengine mawili. Windows inapotuma maombi matatu ndani ya ujumbe mmoja, yaani fungua, uliza sifa, kisha funga, na faili halipo, ninarudisha majibu matatu ya hitilafu yaliyofuatana, kila moja likiwa na baiti 73, na papo hapo muunganisho unakatwa kutoka upande wa Windows. Tena, seva ikishatoa hitilafu nyingi kwa mfululizo, kompyuta husika hunyamaza kabisa: muunganisho upo, lakini haitumi ombi lolote.

Naomba mwongozo.

Mzee wa Itifaki:

Ndugu Mjenzi, nianze na la karani, kwa maana ndilo linalowaumiza watu.

Windows haina njia ya kujua kama jina fulani limeshatumika isipokuwa kuuliza, na mara nyingi huuliza kwa kujaribu kulifungua faili lenyewe. Kwa programu inayotaka kuhifadhi hati mpya, jibu la "halipo" ni habari njema: maana yake jina liko wazi, endelea kuunda. Jibu hilo ni STATUS_OBJECT_NAME_NOT_FOUND, 0xC0000034. Wewe ukijibu "umekataliwa", programu haina sababu ya kuendelea, nayo inamweleza mtumiaji kile ulichoiambia. Fungua Wireshark, programu ya kunasa na kuonyesha mawasiliano ya mtandao, mbele ya seva yoyote yenye afya, kisha ingia kwenye folda kwa kutumia Windows: utaona inatafuta desktop.ini, inajibiwa kwamba halipo, na kazi inaendelea bila mtu kuona dirisha lolote la onyo.

Kwa hiyo tengeneza jedwali la kutafsiri hitilafu za Linux kwenda misimbo ya SMB. EEXIST iwe 0xC0000035, jina limegongana. ENOSPC iwe 0xC000007F, diski imejaa. ENOTEMPTY iwe 0xC0000101, folda ina vitu ndani. EACCES, yaani ruhusa imekataliwa, peke yake ndiyo ibaki na ile 0xC0000022 uliyoizoea. ENOENT, yaani kilichoombwa hakipo, inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu Linux hutumia neno moja pale ambapo SMB ina mawili: ikiwa folda zote za njiani zipo na kinachokosekana ni jina la mwisho, jibu ni 0xC0000034, ikiwa folda ya katikati ndiyo isiyokuwapo, jibu ni STATUS_OBJECT_PATH_NOT_FOUND, 0xC000003A. Kwa hitilafu usiyoitambua tumia STATUS_UNSUCCESSFUL, 0xC0000001, ambayo angalau haimsingizii mtu kukosa ruhusa.

Kuhusu muunganisho kukatika, hesabu yako ya baiti 73 ni sahihi kwa jibu moja: kichwa ni 64, na mwili wa hitilafu ni 9, kwa kuwa hata usipokuwa na data ya ziada baiti moja ya mwisho huwekwa. Tatizo ni kwamba majibu yanapounganishwa, kila linalofuata lazima lianzie kwenye nafasi inayogawanyika kwa 8. La kwanza linaanzia 0, la pili linapaswa kuanzia 80, la tatu 160. Ongeza baiti saba za sifuri mwishoni mwa la kwanza na la pili, uandike 80 kwenye sehemu ya NextCommand, inayosema jibu linalofuata liko umbali gani, ya kila moja kati ya hayo mawili, na la tatu liwe na NextCommand ya 0. Ujumbe wote utakuwa wa baiti 233. Ulivyo sasa, Windows inatazamia kukuta FE 53 4D 42, alama ya mwanzo wa kila kichwa cha SMB2, mahali pake na inakuta takataka, kwa hiyo inayo haki ya kukata.

Hakikisha pia kwamba ombi la kufungua likishindwa, mawili yaliyolitegemea yanarudi na msimbo uleule. Usiyajaribu kivyake kwa kitambulisho cha faili ambacho hakijawahi kutolewa.

Nanga ya Bandari:

Naongezea kuhusu ule ukimya, kwa maana nimewahi kuhangaika nao kwa siku mbili nikidhani ni nyaya.

Katika SMB2, kompyuta haiwezi kutuma maombi kadiri ipendavyo. Hutuma kulingana na krediti ilizopewa na seva, na kila jibu ni nafasi ya kuirudishia. Sehemu hiyo imo kwenye kichwa, baiti ya 14 na ya 15 ukihesabu kuanzia sifuri, mara tu baada ya namba ya amri. Nina hakika kitengo chako cha hitilafu kinaijaza sifuri. Kila hitilafu basi inakula krediti moja bila kurudisha, hadi zinaisha, na Windows inabaki ikisubiri kwa utiifu. Hitilafu nayo ni jibu kamili: itoe krediti, na ikiwa kikao kinatumia saini, itiwe saini kama majibu mengine.

Jambo jingine litakalokukuta baadaye: usiamue umbo la mwili wa jibu kwa kutazama biti za juu za msimbo, zile zinazoonyesha uzito wa hitilafu. STATUS_MORE_PROCESSING_REQUIRED, 0xC0000016, inaonekana kama hitilafu kubwa, lakini wakati wa kuingia inabeba mwili wa kawaida wa amri hiyo pamoja na hatua inayofuata ya uthibitisho. STATUS_BUFFER_OVERFLOW, 0x80000005, vilevile huja na data halisi iliyokatwa. Kinyume chake, STATUS_NO_MORE_FILES, 0x80000006, ambayo ni mwisho wa orodha ya folda tu, hutumwa kwa umbo la hitilafu. Uamuzi ufanywe kwa amri na msimbo kwa pamoja.

Mjenzi wa Seva:

Nawashukuru sana. Nimeongeza baiti za kujazia na ujumbe umetoka na baiti 233 kamili. Muunganisho haukatiki tena. Krediti nazo zilikuwa sifuri kama ulivyosema.

Bado nina wasiwasi mmoja: nikijibu "halipo" kwa uwazi, je, mtu asiyehusika hawezi kubahatisha majina na kugundua kilichomo kwenye folda za wengine?

Mzee wa Itifaki:

Wasiwasi wako ni halali, ila dawa yake ni mpangilio wa ukaguzi. Kagua kwanza kama mtumiaji ana haki ya kuingia kwenye folda. Kama hana, mjibu 0xC0000022 hapohapo, kabla hata ya kulitazama jina aliloliomba. Hivyo atapata jibu lilelile kwa faili lililopo na lisilokuwapo. Mwenye haki ya kuingia ndiye anayestahili kuambiwa ukweli kamili.

Pa kuficha zaidi ni mlangoni. Jina la mtumiaji likiwa si sahihi, au nywila ikiwa si sahihi, rudisha STATUS_LOGON_FAILURE ileile, 0xC000006D, ili anayebahatisha asijue ni kipi alichokipatia. Sababu halisi iandike kwenye kumbukumbu za seva, pamoja na hitilafu ya Linux kama ilivyotokea kabla ya kutafsiriwa, namba ya ujumbe na njia ya faili. Siku karani mwingine atakapokupigia simu, utaitafuta ile namba kwenye kumbukumbu na kuilinganisha na ulichokamata kwa Wireshark.