Naenda kuzuru monasteri za Wabuddha Ladakh: nipande ndege au basi?

Kijana wa Mbagala: Wakuu habari za jioni. Nasoma India, jimbo la Punjab. Likizo hii nataka kwenda Ladakh, kaskazini kabisa kwenye Himalaya. Alhamisi natua Leh, Ijumaa monasteri ya Hemis kwenye sikukuu ya ngoma zao za vinyago, Jumamosi Thiksey, Jumapili navuka Khardung La, ile njia ya juu ya mlimani, kwenda Diskit. Ndege kutoka Delhi au basi la Manali, ipi nafuu kwa mwili? Na wanawake wanajifunika kichwa humo ndani au vipi? Nina wasiwasi kidogo na hewa ya huko. Matusi hapana tafadhali.

Mpagazi Mstaafu: "Alhamisi natua" halafu unauliza ndege au basi. Tiketi unayo tayari, mdogo wangu. Leh ni mita 3,500. Nimebeba mizigo Kilimanjaro miaka 11, njia ya Marangu. Kambi ya Horombo ni 3,720 na mgeni anafika pale siku ya pili, kwa miguu, pole pole. Wewe unanyanyuliwa kutoka bondeni Delhi, kabla chai haijapoa uko juu. Siku mbili za kwanza ni kulala na kunywa maji, vinyago baadaye. Khardung La ni 5,359, juu kuliko Kibo Hut, kambi ya mwisho kabla ya kilele. Niliwahi kumshusha Mjerumani kwa machela ya tairi moja, kifua kama mlango wa godauni, njia nzima anazungumza na mkewe. Mkewe alikuwa Ujerumani.

Mama Imani: Wazazi wameuza shamba usome, wewe unaenda kuzungusha magurudumu ya masanamu. Rudi kwenye daftari.

Bi Karafuu: Nguo ni heshima tu, mwanangu: mabega na magoti yafunikwe, viatu nje ya ukumbi wa sala, kofia uvue. Magurudumu ya sala na mahekalu uyazunguke yakiwa kuliani mwako. Vipo vyumba vya miungu walinzi ambavyo wanawake hawaingizwi, basi aulize kwanza. Na Diskit mgeni haendi bila kibali, kichukueni Leh.

Mla Urojo: Huko wanakunywa chai ya siagi na CHUMVI. Mimi hapo ndipo ningegeuza ndege.

Sista wa Zamu: Mleta uzi, hapo kwenye "wasiwasi na hewa" umepita mbio. Una pumu? Moyo?

Kijana wa Mbagala: Niko fiti sista. Swali langu lilikuwa ndege au basi.

Sista wa Zamu: Basi la Manali linapita njia za milimani za zaidi ya mita 5,000 kabla ya kufika Leh, kwa hiyo si nafuu. Nimejibu. Sasa na wewe nijibu: unatumia dawa gani?

Kijana wa Mbagala: Haidroksiurea. Ndiyo, nina selimundu. Ila miaka mitatu sijalazwa, maji nakunywa, na mpira nacheza. Halafu kutoka Dar ndege ilipanda futi 35,000, nikala, nikalala. Leh itanifanya nini?

Sista wa Zamu: Ndani ya ndege hewa inasukumwa mpaka unakuwa kama mtu aliye mita 2,400 hivi, tena kwa saa chache. Leh unalala humo, usiku na mchana, na oksijeni unayovuta ni kama theluthi mbili ya ile ya Dar. Ikipungua, chembe nyekundu zinajikunja mundu na kuziba mishipa. Ongeza baridi. Hata wenye kurithi kwa mzazi mmoja tu, wasioumwa kabisa, wapo walioharibikiwa bandama milimani. Muone daktari wako kabla hujafunga begi. Ukitaka monasteri, ipo Bylakuppe huko Karnataka, makazi makubwa ya Watibeti, chini ya mita 1,000.

Kijana wa Mbagala: Bylakuppe haina theluji. Na hela ya tiketi hairudi.

Fundi Redio: CHAI. Tena hii ndiyo ile ya siagi na chumvi. Mwezi jana huyu huyu aliuliza bei ya bajaji Buza. Leo Himalaya, kesho atakuwa mwezini.

Mla Urojo: 😂😂 Nimeleta mihogo.

Kijana wa Mbagala: Bajaji ni ya kaka, nilimuulizia.

Fundi Redio: Tupia tiketi. Jina ziba, tuone safari na tarehe.

Kijana wa Mbagala: [picha]

Fundi Redio: Sawa, Delhi–Leh, Alhamisi asubuhi. Nafuta kauli. Ila umeziba majina mawili.

Bi Karafuu: Mie nilijua tangu kwenye swali la kujifunika kichwa. Nani huyo?

Kijana wa Mbagala: Mchumba. Anatoka Dodoma, tunasoma naye. Safari ni wazo lake.

Sista wa Zamu: Anajua?

Mpagazi Mstaafu: Jibu, kijana. Mimi wateja waliokuwa wananificha ugonjwa ndio niliowabeba mgongoni.

Mama Imani: Kwanza mmeshafunga ndoa?

Sista wa Zamu: Mama, ngoja kidogo. Kijana, anajua?

Kijana wa Mbagala: Anadhani zile ni vitamini. Amenunua soksi za sufu jozi sita, tatu zake tatu zangu. Yuko hapa sakafuni anazikunja, ananiuliza nachati na nani.