Terazo, niru na mbao katika nyumba ya zamani Arusha: zitunzwe vipi ili zidumu?

Mkazi wa Moshono aliuliza:

Habari zenu wanajukwaa. Familia yetu imerudi katika nyumba ya wazazi hapa Moshono, Arusha, baada ya wapangaji kuhama, na ninaomba ushauri wa wenye uzoefu kuhusu sakafu zake. Sebule na baraza ni terazo, vyumba vya kulala ni niru nyekundu, yaani saruji iliyolainishwa na kutiwa rangi, na kuna chumba kimoja cha zamani zaidi chenye sakafu ya mbao iliyoinuliwa kutoka ardhini. Terazo imefifia katika njia inayotoka mlangoni hadi mezani, na karibu na bafu ina mabaka meupe ambayo hayatoki hata yakisuguliwa. Niru ina nyufa nyembamba, na kipande kimoja kizingitini kimeanza kubanduka. Shemeji yangu anashauri tung'oe kila kitu tuweke vigae, lakini gharama ni kubwa na mimi naona sakafu hizi bado zina uhai. Je, kuna namna ya kuzitunza ili zidumu, au nitakuwa ninachelewesha tu jambo lisiloepukika?

Fundi wa Majengo, Moshi, alijibu:

Ndugu yangu, usikubali terazo hiyo ing'olewe. Terazo ni vipande vya mawe, mara nyingi marumaru, vilivyoshikwa na saruji kisha vikasagwa kwa mashine hadi vikang'aa, na tabaka lake kwa kawaida lina unene wa kutosha kusagwa upya zaidi ya mara moja. Vigae vya bei ya chini ukishavikwaruza umekwisha, kwa sababu rangi yake iko juu tu.

Mabaka meupe karibu na bafu ni kazi ya tindikali. Marumaru na saruji vyote vina chokaa, na chokaa huyeyuka ikiguswa na dawa kali ya kusafishia choo, siki au hata maji ya limau. Anayemwaga dawa ya chooni sakafuni ili "ing'ae" anachofanya ni kula uso wa jiwe, na kwa kuwa uchafu unaondoka pamoja na uso huo, hudhani dawa imefanya kazi nzuri. Mabaka hayo hayataondolewa na sabuni wala nta. Yanahitaji kusagwa kwa maji, kuanzia jiwe la chenga kubwa hadi laini kabisa.

Njia iliyofifia ni habari nyingine, na hapo mhalifu ni vumbi. Udongo wetu wa Arusha na Moshi umetokana na milima ya volkano, na vumbi lake lina chembechembe za madini magumu kuliko marumaru. Katika kipimo cha Mohs, ambacho hupima ugumu wa madini, jiwe la chokaa liko kwenye 3, ilhali madini mengi ya mawe ya volkano yako karibu na 6. Kwa hiyo kila mtu anayeingia na vumbi kwenye soli anatembea na msasa chini ya miguu yake. Weka kikanyagio kigumu nje ya mlango na kingine cha kitambaa ndani, virefu kiasi kwamba mtu anapiga hatua mbili juu yake, na uvikung'ute kila siku, maana kikanyagio kilichojaa vumbi kinaligawa badala ya kulizuia. Hilo peke yake litakuokolea fedha nyingi kuliko dawa yoyote ya dukani.

Kuhusu niru, gonga sakafu kwa sarafu kuzunguka sehemu iliyobanduka. Panapoitika kama debe tupu, tabaka limeachana na jamvi, yaani zege la chini yake, na hapo usipake saruji juu ya ufa, kwa sababu itabanduka tena. Kata kingo zake ziwe wima, ondoa vumbi lote, lowanisha, paka uji wa saruji kwa brashi, kisha jaza wakati uji huo bado haujakauka. Funika kwa magunia yenye maji kwa siku 7. Mafundi wengi huliacha zoezi hili la mwisho, na ndiyo maana viraka vyao hupasuka. Nyufa nyembamba ambazo hazipanuki, na zinazoitika sawa na sakafu nyingine, ziache zilivyo.

Mama wa Kiboriloni alijibu:

Fundi amesema vizuri, nami naongeza upande wa usafi wa kila siku kwa kuwa ninasimamia nyumba ya wageni yenye sakafu za namna hiyo. Fagia kwanza, kila mara, kabla ya kupiga deki. Ukimwaga maji juu ya vumbi unatengeneza tope, na tope hilo linaingia kwenye vitundu vidogo vya saruji. Tumia sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kidogo tu, halafu upitishe tambara la maji safi. Sabuni ya unga ikizidi huacha utando ambao wengi huudhania kuwa sakafu imezeeka.

Jambo la pili ni la afya. Msichanganye kamwe dawa ya chooni na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu, na chumba cha kuogea chenye dirisha dogo si mahali pa kujaribu.

Niru nyekundu unaweza kuipaka nta, lakini tabaka jembamba, uisugue hadi usione alama ya kidole ukiigusa. Barazani mimi sipaki kabisa. Wakati wa masika watu huingia na miguu yenye maji, na baraza lenye nta huwa hatari kwa wazee. Najua mafundi hawakubaliani nami, kwani wao huitazama sakafu siku ya kukabidhi kazi.

Fundi wa Majengo, Moshi, alijibu:

Mama, kwa baraza nakubali. Kwa vyumbani bado naona nta mara mbili kwa mwaka ni ya lazima kwa niru, ilimradi ile ya zamani iondolewe kwanza, la sivyo inajikusanya na kushika vumbi. Niongeze tu kwamba miguu ya vitanda na makabati ivalishwe vipande vya mpira, kwa sababu niru hukatwa zaidi na samani zinazoburutwa kuliko na watu wanaotembea.

Mkazi wa Moshono aliandika:

Asante sana, fundi, na mama, shikamoo, nimekuelewa. Bado nina maswali mawili. Je, chumba cha mbao nacho kipigwe deki? Na je, naweza kutandika kapeti la plastiki juu ya niru ya chumba cha watoto wakati wa baridi ya Juni na Julai?

Mwenyeji wa Sakina alijibu:

Mbao usizimwagie maji. Tambara lililokamuliwa hadi halidondoshi linatosha, na lifuate mwelekeo wa ubao. Kwa kuwa sakafu hiyo imeinuliwa, zunguka nje ya nyumba utafute matundu ya hewa yaliyoachwa chini ya ukuta. Katika nyumba nyingi za zamani matundu hayo yamezibwa na udongo wa bustani au maua, unyevu ukabaki chini, mbao zikaoza na mchwa wakapata njia. Yazibue na uweke wavu. Mbao zikivimba wakati wa mvua usizirande haraka, subiri kiangazi uone zinarudi kiasi gani.

Kuhusu kapeti la plastiki, nyumba za zamani mara nyingi hazikuwekewa nailoni chini ya jamvi, hivyo unyevu hupanda kutoka ardhini na hutoka kwa kukauka juu ya sakafu. Ukilifunika, unyevu huo unakwama na kapeti linaota ukungu. Kabla hujanunua, bandika kwa utepe wa gundi kipande cha nailoni chenye upana wa nusu mita juu ya sakafu, ufunge kingo zote, ukiache saa 24. Ukikuta matone chini yake au sakafu imekuwa nyeusi, tandika mkeka au zulia la kitambaa linaloweza kuinuliwa na kuanikwa kila wiki.