Msanii na mtafiti wa mwani: tuanzie wapi?

Mchoraji_Kizingo:
Salaam jamani. Tunaandaa maonyesho ya picha za buluu zinazotolewa kwa jua (sainotaipu), mimi na mtafiti wa mwani. Mimi nautaka mwani uliotupwa ufukweni Nyali, Mombasa, wakati wa pepo za kusi, maana umechanika vizuri. Yeye anasema huo haumfai. Tuelewane vipi? Halafu karatasi zinageuka buluu kabla hata ya kuona jua.

Bamvua:
Ana haki. Mwani wa kutupwa haujulikani uling'oka wapi, na kwake sampuli bila mahali na tarehe ni jani tu. Lakini usiutupe wako. Ufanyie majaribio na picha kubwa. Ule wa kumbukumbu zake uchumeni pamoja siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana), mwezi mpevu au mwandamo, maji yakikupwa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Ndani ya hifadhi ya bahari msichume bila kibali cha KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Na mazungumzo yafanyeni huko huko mwambani. Muulize kwa nini kachagua huo akauacha wa jirani yake. Mezani swali hilo halizuki.

Anna Atkins wa Uingereza alianza kutoa picha za mwani kwa njia hii mwaka 1843, na jina la kisayansi aliliweka ndani ya picha yenyewe. Nanyi andikeni jina, mahali na tarehe kwa wino mweusi juu ya plastiki angavu, na kando yake rula angavu. Maandishi na alama za rula vitatoka vyeupe juu ya buluu: wewe utaitundika, yeye ataipima.

Fundi_Buluu:
Buluu ya mapema ni unyevu wa hapa kwetu. Paka dawa kwenye karatasi alfajiri, kausha kwa feni gizani, tumia siku hiyo hiyo. Dawa ni mbili: feriki amonia sitreti 25 g kwa 100 ml za maji, potasiamu ferisianidi 10 g kwa 100 ml, kila moja chupa yake ya kahawia. Changanya sawa kwa sawa, kiasi cha siku tu. Maji yawe yale ya betri yasiyo na asidi.

Mwani usuuzwe chumvi, ukaushwe kwa kitambaa, kisha plastiki nyembamba kati yake na karatasi. Ukiwa majimaji unayeyusha dawa na kuacha doa pembeni. Mwani wa Halimeda ni mnene, utakupa kivuli tu; ule wa Ulva unapitisha mwanga, utaona kila mkunjo. Gandamiza kwa kioo. Jua la adhuhuri anza na dakika 10, ila jaribu kipande kwanza. Kisha ioshe kwa maji; beseni la kwanza tia matone ya siki. Maji ya kisima yenye chokaa huifuta buluu, na karatasi yenye chokaa vilevile.

Mchoraji_Kizingo:
Shukran. Nikilikata jani ili mchoro ukae vizuri?

Bamvua:
Kata, lakini andika nyuma kwa penseli: "limekatwa". Picha hiyo isiingie kwenye kumbukumbu zake. Na kabla hamjaanza, andikianeni nani anabaki na nakala ya kwanza.