Sarafu za zamani za Afrika Mashariki: NGC, PCGS, ANACS au kapsuli za nyumbani?

Sanduku_la_Babu (Kisumu)

Wadau, nawasalimu. Familia imenikabidhi sarafu za marehemu babu, aliyekuwa karani wa reli hapa Kisumu. Binamu zangu wanataka ziuzwe, shangazi hataki ziguswe. Mimi naona kwanza zile za maana zithibitishwe na kampuni inayoaminika, zipewe gredi na kufungwa kwenye kasha, ndipo ukoo uamue ukijua umeshika nini. Tunakutana Desemba.

Zilizomo ni paisa mbili za Mombasa za 1888, zile za mizani na maandishi ya Kiarabu. Florini ya 1920. Shilingi za simba kuanzia 1921 hadi 1952. Senti moja za alumini za 1907 na 1908. Senti kumi za tundu tele, nyingi za 1936. Na tokeni moja ya shaba yenye tundu, imegongwa namba tu, haina mwaka wala jina.

Nimesoma kuhusu kampuni tatu za kazi hiyo, NGC, PCGS na ANACS. Zote ni za Marekani na sijui nizitofautishe vipi kwa sarafu zetu. Pia naomba ushauri kuhusu kasha lenyewe, kwa sababu nyumba yetu iko karibu na ziwa na unyevu hauishi.

Mhasibu_Naka (Nakuru)

Karibu sana. Hongera kwa kuuliza kabla ya kumpa dalali.

Msingi wao ni mmoja. Zote tatu hutumia kipimo cha 1 hadi 70 ambacho William Sheldon alikitunga mwaka 1949 kwa ajili ya senti kubwa za Marekani. Kuanzia 60 kwenda juu ni sarafu ambayo haikuzunguka mikononi, 50 hadi 58 imeguswa kidogo tu, na shilingi iliyopita sokoni miaka mingi hadi manyoya ya simba yakalainika itaangukia 20 au chini yake. Anayepima hajui mwenye sarafu ni nani, na zaidi ya mtu mmoja huitazama kabla gredi haijaandikwa.

ANACS ndiyo kongwe. Ilianza 1972 chini ya chama cha wakusanyaji sarafu cha Marekani, ikithibitisha uhalisi tu, gredi zikaja baadaye. PCGS ilifuata 1986 na NGC 1987. Hizi mbili ndizo ambazo mnunuzi wa mnada akiona jina kwenye lebo halazimiki kuuliza zaidi. ANACS ni waaminifu na hupokea vitu vingi vya ajabu ajabu, lakini sarafu ileile ikiwa kwenye kasha lao mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kidogo. Kama lengo ni kujua tu kwamba kitu ni halisi, hilo halina shida. Kama kuna siku mtauza, lina shida.

Kwa sarafu za Afrika Mashariki mimi huchagua NGC. Wamezoea sarafu za dunia nzima, wana ofisi Munich na London, na soko la Afrika Kusini limewazoea kwa miaka mingi. Mtu wa Johannesburg anayekusanya florini za bodi ya zamani ya sarafu ya Afrika Mashariki atatafuta lebo hiyo kwanza.

Sasa gharama, maana hapa ndipo watu huumia. Usihesabu ada ya kila sarafu peke yake. Kuna uanachama au kupitia wakala wao, kuna ada ya kushughulikia mzigo mzima, halafu usafirishaji wenye bima kwenda na kurudi. Ukituma sarafu moja, hizo zote zinaiangukia hiyo moja. Na ada hupanda kwa ngazi kulingana na thamani unayoandika kwenye fomu. Kwa hiyo ondoa kabisa senti kumi za 1936. Najua zinasifiwa kwa kuwa zina jina la Edward VIII, aliyeacha ufalme Desemba mwaka huohuo, lakini zilitengenezwa kwa wingi na viwanda zaidi ya kimoja, ndiyo maana nyingine zina herufi H, nyingine KN, nyingine hazina kitu. Zinapatikana kila mahali. Gharama ya kasha itazidi bei ya sarafu mara nyingi.

Florini ya 1920 ni jambo jingine. Mfumo wa florini ulidumu muda mfupi sana kabla shilingi haijaanza 1921, na nyingi zilirudishwa zikayeyushwa. Hiyo itume.

Dada_Kapsuli (Kakamega)

Kabla hujafika kwenye kampuni: usizisafishe. Tafadhali. Huku kwetu mtu akiona fedha imekuwa nyeusi anachukua limau na majivu, anasugua mpaka ing'ae, halafu anafurahi. NGC na PCGS wote wakiona mikwaruzo ya kusugua hawaandiki namba. Wanaandika kwamba ni halisi ila imesafishwa, na bei inashuka papo hapo. Weusi ule uliojengeka wenyewe kwa miaka ndio mnunuzi anaoutaka.

Pili, angalia babu alizihifadhi kwenye nini. Kama ni vimfuko vya plastiki laini inayonukia, zitoe leo. Hiyo ni PVC, na kwenye joto hutoa uchafu wa kijani unaonata na kula shaba. Ukiuona tayari, usikwangue; mwachie mtu anayejua kuuyeyusha, na sarafu hiyo isikae pamoja na nyingine.

Kuhusu makasha, hakuna hata moja lisilopitisha hewa. Plastiki ya kampuni hizi haidhuru sarafu, lakini watengenezaji wenyewe hawadai kwamba unyevu hauingii. Kwa hiyo kasha la bei ghali lililowekwa kwenye droo yenye ukungu Kisumu halijakusaidia. Weka kwenye kopo linalofunga vizuri, tia vifuko vya silika vinavyonyonya unyevu, vibadilishe au uvikaushe vinapolowa. Hilo ni muhimu zaidi kwa hizo senti za alumini! Serikali ya wakati ule ilizitoa 1907 na 1908, ikaona alumini haihimili hali ya hewa ya huku, na kufikia 1909 ikahamia kwenye mchanganyiko wa shaba na nikeli. Zilizobaki safi ni chache kwa sababu hiyohiyo. Zipe kapsuli ngumu za akriliki zenye kipenyo sahihi, moja moja.

Shilingi za kawaida zinatosha kwenye vikadi vyenye dirisha la mylar, plastiki nyembamba angavu. Zile pini za stepla zibane vizuri kwa koleo zisikwaruze jirani.

Fundi_Saa (Bungoma)

Namheshimu Mhasibu lakini hapa sikubaliani naye. Kwa florini ningeenda PCGS.

Sababu yangu ni makasha ya bandia. China yanatengenezwa makasha ya uongo ya kampuni zote mbili, lebo, namba ya cheti na kila kitu, na namba inaweza kuwa ya kweli, imenakiliwa kutoka sarafu nyingine. Tangu 2020 PCGS wameanza kuweka chipu ndani ya kasha, unagusisha simu na ukurasa wa sarafu unafunguka. Kwa mnunuzi wa huku anayenunua kwa kupitia simu, hilo lina uzito. Halafu kasha lao ni angavu, sarafu imeshikwa na pete isiyo na rangi; florini yenye weusi mzuri inapumua humo. NGC ile sehemu nyeupe inayozunguka sarafu hufanya fedha iliyokolea ionekane chafu. Wana vishikio vidogo vinavyoacha ukingo uonekane, hilo nawapa.

Kwanza lakini ipime. Florini ya 1920 inatakiwa iwe gramu 11.66, nusu yake ikiwa madini ya fedha. Shilingi za 1921 hadi 1946 zina robo tu ya fedha, na kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, kwa hiyo usikubali mtu akuuzie hadithi ya fedha kwa ile ya 1952. Mizani ya sonara yeyote hapo mjini inatosha. Ikipungua au kuzidi waziwazi, usipoteze nauli ya kuituma Marekani.

Mhasibu_Naka (Nakuru)

Hoja ya chipu naikubali. Ya rangi ya kasha ni jicho la mtu. Lakini mnunuzi makini hata kwa NGC huingiza namba ya cheti kwenye tovuti yao na kulinganisha picha na sarafu aliyoishika, alama kwa alama. Picha haifanani, unaondoka.

Mzee_Milimani (Kisumu)

Wanangu, mmezungumza vizuri, ila kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa na ni zito kuliko rangi ya plastiki.

Zile paisa mbili za 1888 zisitoke nchini kwa sasa. Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006 inakihesabu kuwa kitu cha kale kitu chochote cha kuhamishika, isipokuwa kitabu au hati, kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya 1895. Paisa hizo zilitolewa na kampuni ya Waingereza, Imperial British East Africa Company, kabla hata serikali yenyewe haijachukua utawala. Kuzipeleka nje kunahitaji kibali, hata kama nia yako ni zirudi. Ukizitia kwenye bahasha na florini, unaweza kupoteza zote na jina la babu yako likaingia kwenye faili asilostahili. Nenda Makavazi ya Kisumu uwaulize utaratibu, nenda na picha, sarafu ziache nyumbani.

Na kwa maoni yangu hizo hazihitaji gredi. Mtu aliyewahi kushika moja halisi atazijua, mwaka 1306 wa Kiislamu umeandikwa wazi. Shangazi yako ana haki.

Sanduku_la_Babu (Kisumu)

Shikamoo mzee, na asante sana. Hilo la sheria sikulijua na limenipa hoja ya kumpelekea binamu mkubwa. Paisa zitabaki.

Na ile tokeni? Nani kati yao huikubali?

Fundi_Saa (Bungoma)

Kampuni zote tatu hupokea tokeni, lakini mthibitishaji anahitaji kitu cha kulinganisha nacho: katalogi, mfano uliouzwa mnadani, jina la mtoaji. Kipande chenye namba tu hakimpi pa kushika, na unaweza kulipa nauli kirudi kilivyokwenda. Thamani yake iko kwenye maelezo. Kama babu alikuwa reli, waulize wazee waliofanya naye kazi kama kilikuwa cha stoo, cha vifaa, cha zamu au cha chakula. Waandike majibu, saini na tarehe, uyaweke pamoja nayo kwenye kapsuli. Wakikikubali siku moja, ANACS ndio ningewajaribu kwanza.

Dada_Kapsuli (Kakamega)

Naongeza kwa senti za shaba: ukikuta ya tundu ambayo bado ina wekundu wa kiwandani, hiyo itenge. Wanaiandika RD (nyekundu), RB (nyekundu na kahawia) au BN (kahawia) kulingana na wekundu uliobaki, na tofauti ya bei ni kubwa. Ila wekundu huo hufifia hata ndani ya kasha, na kampuni huweka masharti yake kwenye dhamana ya rangi. Soma kabla ya kulipia.

Sanduku_la_Babu (Kisumu)

Nimeenda kwa sonara: florini ni gramu 11.6. Nimezipitia pia shilingi kwa lenzi na moja ya 1921 bado ina mng'ao kwenye mbavu za simba.

Kwa hiyo hizo mbili zinakwenda NGC kupitia London, maana binamu akiuza atauzia watu wa nje na ndugu yetu anayeishi huko atazipeleka kwa mkono. Alumini kwenye kapsuli na silika. Tokeni inasubiri wazee.

Mzee_Milimani (Kisumu)

Vema. Huyo ndugu asafiri na picha za pande zote mbili, uzito, na orodha iliyosainiwa, nakala moja ibaki kwako. Zikirudi, forodha wataiuliza. Na kama mngetumia kampuni ya vifurushi, mngeuliza kwanza kwa maandishi, kwa sababu nyingi hazipokei sarafu wala madini ya thamani, na bima haitalipa kitu ambacho hakikuruhusiwa kusafiri.

Mhasibu_Naka (Nakuru)

Anasafiri lini? Nina florini yangu moja na ningeshukuru tukigawana ada ya mzigo.