Punda Achangiwa, Mwenye Mabusha Je?

Ndugu aliyenitangulia ameshikilia kwamba watu wa Lamu huchanga palipo na dhiki zaidi, na kwamba lisilochangiwa huenda halina uzito. Naomba kutofautiana naye.

Hapa kisiwani punda wanatibiwa bila malipo tangu 1987, kwa michango inayokusanywa na shirika la Uingereza. Sina ugomvi na jambo hilo, kwani mji wenye vichochoro visivyopitika kwa gari humtegemea punda kubeba hata mawe ya kujengea. Lakini kwenye pwani hii hii yapo matende na mabusha, yatokanayo na minyoo inayoenezwa na mbu, na sijaona bakuli likipitishwa kwa ajili ya mwenye busha, ilhali upasuaji wake si mkubwa.

Tofauti, kwa maoni yangu, ni kuonekana. Punda hupigwa picha na mgeni akaondoka nayo. Mwenye busha hujisitiri kwa kikoi, na akilazimika kusema husema ana mshipa. Mwaka 2007 watafiti Small, Loewenstein na Slovic walichapisha jaribio lililofanywa Marekani: watu waliosimuliwa habari za Rokia, msichana wa miaka 7 wa Mali, walitoa wastani wa dola 2.38, na waliopewa takwimu za mamilioni wenye njaa wakatoa dola 1.14. Lililonishangaza zaidi ni kwamba habari za Rokia zilipoambatanishwa na takwimu hizo, wastani ulishuka hadi dola 1.43. Basi mgonjwa asiyeweza kuonesha uso wake atachangiwa kwa lipi, ikiwa hata hesabu haimsaidii?

Wapo watakaosema kwamba msikiti na kisima hutangulizwa kwa kuwa ni sadaka jaria, yaani sadaka ambayo thawabu zake huendelea. Ni kweli (nami nimechangia kisima, na nitachangia kingine), ila Qur'ani inapowataja wanaostahiki zaka huanza na mafukara na maskini, na mvuvi aliyeshindwa kuingia chomboni kwa sababu ya busha hayuko mbali nao.

Ningependelea mchango usio na picha wala jina: mweka hazina wa msikiti akusanye, ailipe hospitali moja kwa moja, kisha atangaze idadi ya waliopasuliwa tu. Nakuuliza wewe, ndugu yangu: bakuli kama hilo likikufikia Ijumaa, bila kujua ni la nani, utatia kiasi gani?