Jumamosi tunakaa kwa nani?

*Wasomaji wa Ukoo 📚 — Alhamisi*

Zuhura 06:12
Asalaam alaykum. Jumamosi keshokutwa, saa kumi alasiri, tunajadili riwaya yetu, Jamaica Inn ya Daphne du Maurier. Mpaka sasa hatujui tunakaa kwa nani. Nijibuni kabla sijaingia kazini.

Zuhura 06:51
Watu 14 mmesoma. Hata salamu haijibiwi?

Rehema 07:15
Waalaykum salaam dada. Nimefika sura ya nne. Mtoto ana homa tangu juzi.

Salim 07:16
Mimi nimefika jalada 😂

Zuhura 07:18
Salim, kitabu unacho wiki tano. Rehema pole, mpe maji mengi.

Zuhura 07:33
Naona wengine mmekiogopa kwa sababu ni cha 1936 na Kiingereza chake ni cha zamani. Ngojeni niwaeleze. Mary Yellan ana miaka 23. Mama yake amefariki, na kabla hajafa Mary alimwahidi kwamba atakwenda kuishi kwa mama yake mdogo, Patience. Anapanda gari la farasi kwenye mvua, kule Cornwall, Uingereza, nyika tupu ya Bodmin. Dereva akisikia anashukia Jamaica Inn, hoteli ya mume wa Patience, anamwonya, na akishamshusha anawachapa farasi mbio. Ndani anamkuta mama mdogo aliyekuwa akisifiwa kwa urembo, sasa kila mumewe akikohoa anashtuka. Usiku Mary anasikia magurudumu uani. Anachungulia dirishani, anaona wanaume wanashusha mizigo gizani. Asubuhi chai inanywewa na hakuna anayesema neno.

Zuhura 07:35
Hapo ndipo mwandishi alipokuwa fundi. Mapenzi yamo, lakini mie kilichonikamata ni mtu kuwa kwenye nyumba isiyo yake, kusikia kitu usiku, na kuamua kama atajua au hatajua.

Salim 07:41
Nimeangalia filamu ya Hitchcock ya 1939, nimeokoa muda. Mkubwa wa genge ni yule hakimu tajiri.

Rehema 07:41
SALIM!!!

Fatma (Muscat) 07:42
Nimebakiza kurasa 60 tu mtoto wewe 😭

Zuhura 07:44
Tulieni. Filamu ilibadilisha mtu. Kwenye kitabu hayumo hakimu wa namna hiyo. Salim, hujui kitu.

Rehema 07:44
Sasa ni nani?

Zuhura 07:45
Soma.

Salim 07:46
Basi na hoteli nayo ya uongo?

Zuhura 07:52
Ipo kweli mpaka leo, Bolventor, ilijengwa 1750. Daphne du Maurier alifikia hapo, akatoka na rafiki yake kwa farasi, wakapotea nyikani. Wakaziacha hatamu, farasi wenyewe wakawarudisha. Ndiyo maana ukungu wa kitabu kile unaingia mpaka mifupani. Sasa rudini kwenye hoja. KWA NANI?

Zuhura 09:30
Mwajuma, kwako kuna baraza kubwa.

Mwajuma 11:08
Nilishasema. Mpaka lile suala la birika lisemwe mbele ya watu wote, kwangu hapakai kikao.

Zuhura 11:09
Mwajuma, birika ni la miaka mitatu sasa.

Mwajuma 11:09
Na miaka mitatu natazamwa vibaya kwenye harusi.

Salim 11:10
Birika limevushwa kwa magendo, liko Ufaransa 🚣🏾

Mwajuma 11:10
*Ujumbe huu umefutwa*

Zuhura 11:14
Salim umeharibu. Mwajuma nitakupigia jioni.

Rehema 12:40
Mtoto kalala, nimesoma hadi soko la Launceston. Dada, huyu Jem! Anaiba farasi wa Bwana Bassat kisha anamuuzia mke wa Bassat mwenyewe, mchana kweupe 😅 Najua ni mwizi na bado moyo unakwenda kwake. Kwa nini?

Zuhura 12:58
Swali zuri kuliko yote ya leo. Mie naona ni kwa sababu hajifichi. Kaka yake Joss, yule mume wa Patience, ana chumba chenye kufuli na dirisha lililozibwa. Jem anamwambia Mary usoni: mimi mwizi wa farasi. Mwanamke aliyechoka na siri za ile nyumba, mtu wa namna hiyo ni kama maji ya kunywa.

Fatma (Muscat) 13:20
Na mimi nilimpenda kwa kuwa hamwahidi chochote.

Hamisi 16:47
Samahani, nilikuwa darasani. Msiwape sukari sana hao watu wa magendo. Walipendwa kwa sababu ya bei. Ushuru wa chai Uingereza ulifika asilimia 119, mpaka 1784 ukateremshwa kuwa 12.5. Mtu maskini angekunywa chai gani ya halali? Kwa hiyo kijiji kizima kilifumba macho. Mbebaji mmoja alibeba vipipa viwili vya pombe kali, kimoja kifuani kimoja mgongoni, akapanda navyo majabali usiku. Lakini genge la Hawkhurst, 1747, chai yao ilikamatwa, wakavunja ghala la forodha la Poole wakaichukua. Mwaka uliofuata wakamuua ofisa wa forodha na fundi viatu aliyekuwa anakwenda kutoa ushahidi. Wakawatesa kwanza. Fundi viatu, jamani.

Rehema 16:55
Fundi viatu masikini.

Salim 16:56
Mwalimu Hamisi, vipipa hivyo vina ukubwa gani, naulizia rafiki 😂

Zuhura 17:01
Hamisi ahsante, hayo uyaseme Jumamosi. Salim utaleta kashata, umejitakia. Bado mahali!

Bi Mwanaidi 19:22
Asalaam alaykum wanangu. Nimesomewa yote haya na mjukuu wangu.

Rehema 19:22
Shikamoo mama mkubwa.

Salim 19:23
Shikamoo Bi Mkubwa 🙏🏾

Bi Mwanaidi 19:40
Marahaba. Huyo msichana wa dirishani mimi namjua. Nilikuwa na miaka tisa, Pemba. Upande wa pili karafuu ilikuwa na bei, kwetu haina. Magunia yakija usiku mama anazima kibatari, anatandika mkeka juu yake, na sisi watoto tunalazwa hapo. Makonyo yanachoma ubavu kupita mkeka. Hukohoi. Hugeuki. Nyie mliambiwa babu yenu alikwenda kuvua. Hakwenda kuvua. Nyavu zilikuwa juu, karafuu chini. Kusi lilikuwa limeshaanza na watu walimkataza. Mama alikaa mlangoni siku tisa na hakuweza kumwuliza mtu, maana angemwuliza nini?

Bi Mwanaidi 19:43
Kitabu ni kizuri. Nisomeeni. Njooni kwangu. Ila pale wanapowasha taa pwani ili majahazi yapande mwamba, hapo mpite.

*20:00*

*21:00*

Zuhura 21:36
Mama mkubwa, nimesoma mara tatu. Mama hakuwahi kutuambia.

Bi Mwanaidi 21:50
Mama yako alikuwa na mwaka mmoja. Hakulazwa kwenye magunia, alikuwa analia.

Hamisi 21:58
Bi Mkubwa, kama utakubali tungependa kusikia zaidi siku hiyo.

Bi Mwanaidi 22:03
Someni kwanza kitabu chenu.

Mwajuma 22:15
Nitakuja kwa sababu ya Mama mkubwa. Si kwa ajili ya mwingine.

Zuhura 22:17
Karibu. Basi ni kwa Bi Mwanaidi, saa kumi, inshallah. Viti havitoshi, kila mtu aje na mkeka.

Zuhura 22:18
Tuseme busati. Msije na mkeka.

Fatma (Muscat) 22:30
Mtanipigia video? Na hiyo saa kumi ni ya huko au ya huku?

Rehema 22:41
Homa imerudi. Nitawaambia kesho kama nitaweza.

Salim 22:44
Nimeanza sura ya kwanza. Mvua ileile.