Tupeane uzoefu: ulijuaje kama mtoto anateswa, na ulifanya nini?

Mama Wawili, Fuoni
Assalaam alaykum wenzangu. Nianze mimi.

Tulipata majirani wapya, mume na mke na mtoto wa kike wa miaka kama minane, mtoto wa kambo. Mwanzo nilimsifu kwa adabu. Kila jioni nikipika maandazi namwita nampa moja. Siku hiyo nikamwona analikata, nusu anakula, nusu anaifunga kwenye pindo la mtandio. Kesho yake vilevile. Nikamuuliza, "Unamwekea nani, mwanangu?" Akanijibu taratibu tu, "Ya usiku."

Hapo ndo nikaanza kutazama vizuri. Mikono myembamba, sare ya skuli anafua mwenyewe alfajiri, kidonda mguuni hakijafungwa wiki ya pili. Vyote vilikuwepo siku zote na mimi nilikuwa naviona.

Lakini wallahi nilikaa siku kumi na moja bila kusema. Muhali. Jirani tunaazimana chumvi, nitamtazamaje? Siku ya kumi na mbili nikenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa wetu, naye akamwita afisa wa ustawi wa jamii. Mtoto sasa yuko kwa bibi yake mzaa mama, Makunduchi. Zile siku kumi na moja hazijanitoka.

Haya, na nyie?

Mwalimu wa Wete
Bi Mama Wawili, mimi nlikosea zaidi yako. Nna mwanafunzi darasa la tatu, mtoto hodari. Akaanza kusinzia darasani, na kengele ya kutoka ikilia haondoki. Anachukua dasta anafuta ubao. Ubao umeshafutwa, yeye anaufuta. Ukimpita nyuma ghafla anajikinga uso.

Mimi kwa haraka zangu nikamwita baba yake skuli, nikamuuliza mtoto akiwa kasimama pale pale. Baba akacheka, akaniambia kaanguka kwenye mkarafuu. Siku ya pili mtoto hakuja. Ya tatu kaja na shati la mikono mirefu, na joto lile la kaskazi.

Usimuulize unayemshuku mbele ya mtoto. Anayelipia ni mtoto, nyumbani. Nilitakiwa niandike nilichokiona na tarehe zake, nimwambie mwalimu mkuu, twende Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Tulikwenda baadaye, alhamdulillah, lakini kachelewa mwalimu, si mtoto. Na wanaosema "ni mambo ya nyumba ya mtu", Sheria ya Mtoto hapa Zanzibar tunayo tangu 2011, Namba 6.

Khalati wa Kwamtipura
Yetu nzito, nitaifupisha. Mtoto wa dada yangu kila ikifika saa nane mchana tumbo linamuuma, hataki kwenda chuoni kusoma Qur'ani. Tukamwita mkaidi. Akaanza kukojoa kitandani, na alishaacha zamani. Tukamchapa. Ndiyo, tulimchapa.

Alipokuja kumwambia mama yake aliyofanyiwa siku ile, dada akamwogesha na nguo akazifua, kwa uchungu wa mzazi. Tulipofika Kituo cha Mkono kwa Mkono, hospitali ya Mnazi Mmoja, ndo tukaelezwa: usimwogeshe, usifue, nguo zitie kwenye mfuko wa karatasi si wa plastiki, umfikishe kabla ya saa 72 hazijapita, maana dawa za kumkinga na VVU hazingoji. Uzuri wa pale, daktari, polisi na mshauri ni mahala pamoja, mtoto harudii maneno yale kwa kila mtu.

Kisha wakaja wazee na kanzu zao: yaishe kifamilia, mtoto asije akaaibika. Shemegi akawapa kahawa, wakanywa, akawaambia kesi iko mahakamani. Iko mpaka leo.

Baba Chake
Na mimi niseme la upande wa pili. Mtaani kwetu mama mmoja alisemwa anampiga mwanawe, kila mara mikono imevimba, mtoto analia usiku. Kufikishwa hospitali, kumbe selimundu, ugonjwa wa damu wa kuzaliwa nao. Mama wa watu alikuwa hajui. Sisemi mnyamaze, maana bila ya kusemwa asingefikishwa hospitali. Nasema pelekeni jambo kwa wenye kazi yao, si barazani. Sisi tulianza barazani.

Mgeni wa Jang'ombe
Kama mtu anaogopa kwenda kwa sheha, labda sheha mwenyewe ni ndugu wa mtuhumiwa?

Khalati wa Kwamtipura
Piga 116, simu ya msaada kwa watoto, bure. Hawakudai ushahidi, walitaka kujua mtoto yuko wapi na nimeona nini.

Mwalimu wa Wete
Bi Mama Wawili, yule wa maandazi anaendeleaje?

Mama Wawili, Fuoni
Nilikwenda Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, nikapitia kwao na kikapu changu. Kanenepa mashallah, na maneno mengi. Nikampa andazi, akala nusu, nusu akaifunga kwenye mtandio. Nikamtazama bibi yake. Bibi akasema, "Mwache. Kila asubuhi nakuta siafu kwenye mto wake wa kulalia, nafuta tu."